Kazi ya Jumamosi Huanza Jumatatu

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa mbili asubuhi, Kigali hutulia. Maduka hufungwa, magari hupungua barabarani, na watu wenye umri wa miaka 18 hadi 65 hutoka na majembe, mapanga na makoleo kwenda kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Saa tano kazi huisha. Sheria ya mwaka 2007 ndiyo inayowaita, na asiyefika bila sababu anaweza kutozwa faini isiyozidi faranga 5,000. Kwa hiyo kiongozi wa mudugudu, yaani kijiji, huko Busanza hana ile taabu wanayoijua vizuri wanaoongoza kazi za kujitolea Tanga au Kisumu, taabu ya kupata watu. Watu watakuja.

Taabu yake ni nyingine, nayo ni ngumu zaidi. Mtu anaweza kuja na jembe lake, akafanya kazi kwa saa tatu, akarudi nyumbani bila kuwa amekubali lolote kati ya yaliyofanyika. Mfereji utachimbwa vizuri, na baada ya wiki mbili utakuwa umejaa takataka kwa sababu mwenye nyumba iliyo kando yake hakuwahi kuuhesabu kuwa wake. Aliuona kuwa mfereji wa mkutano. Makala haya nayaandika kwa ajili ya kiongozi huyo, mwanamume au mwanamke, aliyechaguliwa na majirani zake, asiyelipwa mshahara, na anayetaka kazi ya Jumamosi idumu hadi Jumamosi nyingine.

Busanza ni akagari (seli) ndani ya umurenge (sekta) wa Kanombe, wilaya ya Kicukiro, upande ule wa jiji ulio karibu na uwanja wa ndege. Kama ilivyo kwa Rwanda nzima, akagari hugawanyika kuwa midugudu, na mudugudu hugawanyika kuwa amasibo. Isibo ni kundi la kaya 15 hadi 20 hivi, lenye kiongozi wake anayeitwa mutwarasibo. Ukitazama kwenye karatasi, hakuna mpangilio bora kuliko huu wa kufikisha neno. Taarifa hutoka juu asubuhi na kufika mlangoni kwa mama wa mwisho kabla ya jioni. Lakini ngazi inayoshusha maneno upesi hivyo haina budi kuyapandisha pia, na hapo ndipo kazi ya kiongozi wa kujitolea inapoanzia.

Anza kwa kujua unaishi na nani. Wapo waliokuwapo Busanza tangu kilima kilipokuwa mashamba ya migomba na maharage. Wapo waliokuja kununua viwanja na kujenga. Wapo wapangaji, ambao mara nyingi husahauliwa kwa sababu majina yao hayamo kwenye hati za ardhi, ingawa wao ndio wanaolala pale na wao ndio wanaomwaga maji ya kufulia. Wapo wafanyakazi wa nyumbani, vijana wa kike na wa kiume ambao hawaulizwi kitu, nao ndio wanaojua takataka za kila nyumba zinatupwa wapi. Na wapo waliohamishiwa kwenye majengo ya ghorofa kutoka Kangondo na Kibiraro, kule Nyarutarama. Wao nitawarudia, kwa sababu wanastahili zaidi ya sentensi moja.

Jumatatu jioni, toka nyumbani. Usiitishe mkutano. Nenda mlango kwa mlango katika nyumba chache, na uanze na mtu asiyekuja kabisa au anayekuja akinung'unika. Viongozi wengi huanza na rafiki zao, wanakusanya ndiyo kumi za haraka, kisha wanakwenda kwa mpinzani wakiwa na jambo lililokwisha kupikwa. Mpinzani huyo ana akili, na analijua jambo lililopikwa kwa harufu yake tu. Ukimwendea wa kwanza, kabla hujawa na lolote mkononi, unampa heshima ambayo mkutano hauwezi kumpa. Usiende na daftari siku hiyo. Daftari humfanya mtu ajisikie anahojiwa.

Ukifika, salimia kwa utaratibu, uliza hali ya watoto na ya wagonjwa, kisha uliza swali lako. Hapa ndipo pana mtego ambao kila aliyeishi Kigali anaujua: «Nta kibazo.» Hakuna tatizo. Mnyarwanda mwenye adabu hamwambii mgeni aliye mlangoni kwake kwamba mpango wake ni mbaya, sembuse kiongozi. Atasema nta kibazo, atatabasamu, atakusindikiza hadi njiani, na Jumamosi hatafika, au atafika na kusimama nyuma ya wenzake. Waswahili wa pwani nao wana ya kwao: «Haina neno», «Inshallah». Kiongozi anayezihesabu nta kibazo zake kama kura za ndiyo anajidanganya, na nadhani kosa hili ndilo linaloharibu kazi nyingi za kujitolea katika ukanda wetu kuliko uvivu unaosingiziwa kila siku.

Dawa ni kubadilisha swali. Usiulize «Unakubali?» Swali hilo lina jibu moja tu lenye adabu. Uliza: «Kazi hii ikishindwa, itakuwa imeshindwa kwa sababu gani?» Au: «Ungekuwa wewe ndiye unayeipanga, ungeanzia wapi?» Maswali haya yanampa mtu ruhusa ya kukosoa bila kukuvunjia heshima, maana sasa anakusaidia. Ukishauliza, nyamaza. Hesabu hadi kumi moyoni ikibidi. Neno la maana mara nyingi huja baada ya kimya cha pili, tena kutoka kwa mke au mama mzee aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni.

Wangari Maathai alilijua hili. Green Belt Movement aliyoianzisha Kenya mwaka 1977 ilipokua, haikuishia kugawa miche. Iliendesha mafunzo ambayo wananchi wenyewe walitaja matatizo yao, wakatafuta chanzo chake, kisha wakatafuta la kufanya. Kwanza watu walizoea kuyapeleka yote kwa serikali, halafu taratibu wakaona kwamba mengine yalikuwa mikononi mwao. Mti ulikuja baada ya mazungumzo hayo. Ndiyo maana wanawake wa kijijini waliutunza.

Sasa tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho, kwa sababu ushauri wa juu juu haumsaidii mtu aliyeshika jembe. Kigali ni jiji la milima. Mvua kubwa za Machi hadi Mei zinaponyesha, maji ya mapaa ya juu hushuka kwa walio chini. Tuseme kuna mteremko wenye nyumba ishirini. Walio juu wana mabati mapana na hawana matangi ya kukingia maji. Walio chini wana ukuta ulioanza kupasuka. Katikati kuna mzee mwenye uzio na migomba yake michache, na mfereji wa kuyaondoa maji hauna njia nyingine ila kupita kando ya uzio huo. Walio chini wanataka mfereji kesho. Walio juu hawaoni tatizo liko wapi. Mzee hataki.

Kiongozi mwenye haraka ataitisha mkutano, kura itapigwa, mzee atashindwa, mfereji utachimbwa Jumamosi. Naijua kura hiyo inavyomalizika. Mzee hatauziba mfereji mchana, lakini pia hatainama kutoa tawi lililouziba usiku. Na walio juu, ambao waliinua mikono ili mkutano uishe, hawatanunua hata mfereji mmoja wa bati wa kuzuia maji ya paa.

Fanya hivi badala yake. Siku ya mvua, au mara tu mvua inapokatika, waombe watu wawili wa juu, wawili wa chini na mzee mwenyewe mtembee pamoja na maji. Anzeni kileleni, mfuate maji yanakopita, mguu kwa mguu, hadi kwenye ukuta uliopasuka. Wekeni sharti moja: hakuna kupendekeza suluhisho hadi mfike chini. Mnatazama tu na kusema mnachokiona. «Hapa maji ya nyumba tatu yanakutana.» «Hapa yanaanza kubeba udongo.» Mtu wa juu ambaye hajawahi kushuka na maji ya paa lake atasimama mbele ya ukuta wa jirani na kuuona kwa macho yake. Hotuba haiwezi kufanya kazi hiyo. Tena mwombe mwenye ukuta awakaribishe ndani, aonyeshe alama ya maji kwenye kitanda au kabati. Uchungu wa jirani ukionekana, mabishano hupungua yenyewe.

Mkishafika chini, mwulize mzee swali ambalo hakuna aliyemwuliza: «Kitu gani kikibadilika, utaweza kulikubali hili?» Utashangaa. Pengine hapingi mfereji. Anaogopa kingo zitabomoka na kuuangusha uzio, au anaogopa mke wake hataweza kuvuka akiwa na ndoo ya maji. Basi mfereji usogezwe nusu mita, kingo zipangwe mawe, na ubao wa kuvukia uwekwe mbele ya lango lake siku hiyohiyo, si «baadaye». Andika masharti hayo matatu mbele yake, umsomee. Sasa ndiyo siku ya daftari.

Halafu rudi kwa wote, na hapo usiombe kura ya ndiyo na hapana. Mpe kila mtu nafasi ya kusimama mahali pamoja kati ya matatu: naliunga mkono, silipendi sana lakini nitalibeba pamoja nanyi, nina pingamizi. Mahali pale pa katikati ndipo penye watu wengi, na kura hupafuta. Makubaliano hayamtaki kila mtu ashangilie. Yanataka asiwepo aliyeachwa nje na kinyongo chake. Mwenye pingamizi aombwe alieleze, na aulizwe swali lilelile la mzee: kitu gani kibadilike? Wakati wa kuzungusha maneno, wape vijana na wapangaji wazungumze kwanza, wazee baadaye, na wewe uwe wa mwisho kabisa. Kiongozi akitangulia kusema anachokitaka, mazungumzo yamekwisha hata kama watu bado wameketi.

Je, kama pingamizi haliishi? Litatokea. Usisubiri milele, kwa maana walio chini nao wana haki, na mvua haingoji. Anzeni na sehemu isiyomgusa anayepinga, fanyeni kazi nzuri inayoonekana, kisha mrudieni. Likiwa ni suala la mpaka au la haki, kuna abunzi, wapatanishi saba wanaochaguliwa kwa uadilifu wao, ambao nao wanajitolea. Kuwapelekea jambo abunzi si kushindwa. Na yapo mambo ambayo hayahitaji makubaliano ya mtu yeyote: waya wa umeme ulioanguka, shimo lililo wazi kwenye njia ya watoto, ukuta unaotaka kuanguka. Hapo toa amri, ita wahusika, eleza baadaye. Watu humwamini zaidi kiongozi anayejua tofauti kati ya siku ya kuuliza na siku ya kuamuru.

Nimetaja amri, na sharti niseme jambo kuhusu historia, kwa kuwa wazee wa Busanza wanaibeba. Kabla ya uhuru kulikuwa na uburetwa, kazi ya kulazimishwa kwa machifu ambayo wakoloni waliiendeleza na kuifanya nzito zaidi. Mwaka 1974 serikali ya Habyarimana ikaufanya umuganda kuwa kazi rasmi ya kila wiki. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, ukarudishwa mwaka 1998 kwa sura mpya, ya kujenga nchi iliyobomoka. Jirani zao wa Goma na Bukavu wanaikumbuka salongo ya enzi za Mobutu. Waganda wana bulungi bwansi, Watanzania wana msaragambo. Katika kila moja kati ya hizo kuna kumbukumbu mbili zinazokaa pamoja: ya jirani aliyekuja kukusaidia kusimamisha nyumba bila kuitwa, na ya mtu mwenye orodha ya majina. Mzee anapokutazama asubuhi ya Jumamosi anajiuliza wewe ni yupi kati ya hao wawili. Basi usifungue kazi kwa kusoma orodha. Fungua kwa kusema tuko hapa kwa sababu ya ukuta wa nani. Orodha ijazwe baadaye na mutwarasibo, kimya kimya.

Sasa nirudi kwa majirani wa majengo ya ghorofa. Kuhama kwao kutoka Kangondo na Kibiraro kulikuwa kwa muda mrefu na kwa maumivu. Wengi walitaka kulipwa fidia ya fedha wakapewa nyumba, kesi zikaenda mahakamani, na mwezi Septemba mwaka 2022 mabaki ya makazi yale yakabomolewa. Mtu akifika Busanza kwa njia hiyo, hawezi kuambiwa wiki ya kwanza kwamba aje kupanda maua mbele ya jengo. Atakuja, maana sheria inamtaka. Lakini ua hilo halitakuwa lake.

Kwanza, waite kwa majina yao na kwa jina la kule walikotoka, Kangondo au Kibiraro. Yale makazi yalikuwa na jina la mtaani, Bannyahe, linalowadhihaki watu kwa kukosa vyoo. Wao wenyewe wakilitumia ni juu yao, kiongozi asilitumie. Pili, usiwaambie «tusahau yaliyopita». Hujapewa ruhusa ya kuwasahaulisha. Wape jioni moja ya kusema, bila ajenda, bila muhtasari wa kupelekwa ofisini. Umugoroba w'imiryango, ile jioni ya familia ambayo midugudu imekwisha kuizoea, ni mahali pazuri. Tatu, na hili ndilo la maana zaidi, tenganisha waziwazi mambo mawili. Fidia, thamani ya nyumba, hati: hayo yako juu ya uwezo wa kiongozi wa kujitolea, na ukiahidi chochote juu yake utapoteza imani yote kwa mara moja. Ngazi, taa ya korido, tangi la maji, kelele za usiku, mahali pa kukausha nguo: hayo yapo mikononi mwenu, na yanaweza kuanza kutengenezwa wiki hii. Sema hivyohivyo, kwa maneno hayohayo. Watu wazima wanaheshimu mipaka iliyosemwa kweli.

Kuishi kwenye ghorofa ni ufundi ambao wengi wetu hatukulelewa nao. Katika nyumba ya chini kila mtu alifagia uwanja wake na ulipoishia uwanja, kazi yake iliishia hapo. Ngazi haina mwenyewe. Maji yanayomwagika ghorofa ya tatu yanaingia kwa wa pili. Kwa hiyo kila ngazi iwe na mwakilishi wake, aliyechaguliwa na wanaoipanda ngazi hiyo tu, na ajadiliane nao sheria tatu au nne za mwanzo. Ziwe chache. Nimeona mabango ya masharti kumi na tisa mlangoni, na sijaona jengo lililoyafuata. Zamu ya kufagia iandikwe kwa majina ya kaya, zianze kaya za viongozi. Mama mwenye mtoto mchanga na mzee wa magoti mabovu wapewe kazi nyingine: kutunza ufunguo wa tangi, kuwaangalia watoto wakati wenzao wanafanya kazi, kupiga simu. Mtu anayepewa kazi anayoiweza hujiona ni sehemu ya jengo. Anayesamehewa kila kitu hujiona ni mzigo, na baada ya muda hukaa ndani.

Kuhusu ukubwa wa kazi nina maneno machache tu: mna saa tatu. Chagueni kazi inayokwisha ndani ya saa tatu hizo. Mita ishirini za mfereji zilizokamilika, zenye mawe na ubao wa kuvukia, zinajenga umoja kuliko mita mia zilizoachwa wazi kama kaburi. Ijumaa jioni pima kwa hatua, gawa vipande kwa kila isibo, na ujue makoleo yapo mangapi na toroli ni za nani. Hakuna kinachowakatisha tamaa watu waliokuja kwa moyo kama kusimama arobaini wakisubiri makoleo sita.

Fedha nazo. Mawe yana bei, saruji ina bei, taa ya korido ina bei. Michango midogo ya hiari inayotumwa kwa simu ni rahisi kukusanya, na ndiyo maana ni rahisi kuzua maneno. Kiongozi asiwe mtunza fedha. Hazina iwe na watu wawili wasio ndugu, kama inavyofanyika katika ikimina, kile kikundi cha kuweka na kukopa ambacho akina mama wengi wa Rwanda wanakiendesha kwa nidhamu ya kupendeza. Kwa kweli ukitafuta walimu wa makubaliano, nenda ukakae nyuma katika mkutano wa ikimina. Utaona kitabu kinasomwa kwa sauti, kila mtu anasikia fedha zake na za mwenzake, na anayechelewa kulipa anasemeshwa bila kuaibishwa. Fanyeni vivyo hivyo: mwisho wa kila umuganda, someni kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, kisha bandikeni karatasi hiyo mlangoni. Aliyechanga faranga 500 ana haki ya kujua faranga 500 zake zilinunua nini.

Kuna ushirikiano mwingine ambao hausemwi sana, nao ni ule wa wanaojitolea wenyewe kwa wenyewe. Katika mudugudu mmoja wa Kigali wapo abajyanama b'ubuzima, washauri wa afya. Wapo inshuti z'umuryango, mwanamume na mwanamke wanaofuatilia mambo ya watoto na familia. Wapo vijana wa urubyiruko rw'abakorerabushake, umoja ulioanza mwaka 2013, ambao wakati wa korona wengi waliwaona sokoni na kwenye vituo vya basi wakiwakumbusha watu kunawa mikono. Yupo mutwarasibo, na yupo kiongozi wa mudugudu. Wote hawa wanagonga mlango uleule. Mama mmoja anaweza kutembelewa mara nne kwa wiki na watu wanne wasiojua kwamba mwenzao alipita jana, akaulizwa umri wa mtoto mara nne, na tatizo lake la paa linalovuja lisiandikwe na yeyote.

Keti nao mara moja kwa mwezi, wiki moja kabla ya umuganda. Nusu saa yatosha. Kila mmoja ataje nyumba mbili zinazomtia wasiwasi, bila kutoa siri za ugonjwa wala za ndoa. Utakuta nyumba ileile imetajwa mara tatu. Hapo umeipata kazi ya Jumamosi, na umepata watu watatu wanaoijua nyumba hiyo vizuri. Jihadhari tu na kugombea sifa. Umuganda ukikwenda vizuri, wa kwanza kutajwa awe kijana aliyeleta toroli, kisha mshauri wa afya aliyeiona nyumba, kisha isibo iliyomaliza kipande chake. Jina lako halihitaji kutajwa. Wanalijua.

Lugha isisahaulike. Kinyarwanda kinatosha kwa wengi, lakini Kigali ya leo ina Wakongomani, Warundi, Watanzania na Wakenya, na Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017. Mtu akisimama pembeni kwa sababu hakuelewa, anaonekana ana kiburi. Mteue mmoja amtafsirie kwa sauti ya chini. Ujumbe wa WhatsApp nao uwe mfupi, utumwe mchana, wala usitumike kumaliza ugomvi. Ugomvi wa kwenye simu mfuate mtu nyumbani.

Saa tano imefika, makoleo yamekusanywa, watu wameketi kwenye nyasi kwa ajili ya mkutano wa baada ya kazi. Kwa kawaida saa hiyo huliwa na matangazo: bima ya afya, usalama, usafi, mpango wa wilaya. Ni muhimu, yasomwe. Lakini nakuomba uyatangulize masikio. Dakika kumi na tano za kwanza ziwe za watu, kabla hawajachoka na kuanza kutazama jua. Anza kwa kuwarudishia neno lao la mwezi uliopita: mlisema taa ya njia haiwaki, tulipeleka, tumejibiwa hivi. Kama jibu ni hapana, sema hapana. Kama hakuna jibu bado, sema mmepeleka lini na mtafuatilia lini. Kiongozi anayerudisha jibu baya kwa wakati anaaminiwa kuliko yule anayesubiri jibu zuri hadi watu wasahau walichouliza.

Na uanze mapema kumwandaa atakayekupokea. Mpe mwingine aongoze umuganda mmoja ukiwa upo, umekaa katikati ya watu na koleo mkononi, usimsahihishe mbele yao. Akikosea kipimo, mfereji utapinda kidogo. Utanyooshwa mwezi ujao.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu iko karibu. Hesabu siku zilizobaki, kisha fikiria mlango mmoja katika isibo yako ambao hujaugonga tangu mwaka uanze. Nenda kesho jioni, baada ya kazi, kabla ya chakula. Kaa utakapoonyeshwa, uulize kuhusu watoto, kisha mwulize mwenye nyumba yeye angeanzia wapi.